Mwamuzi wa Mashine

Watu wengi hudhani kuwa mashine ya hesabu haikosei, na ya kuwa ikikosea, kosa ni la mtu aliyeiendesha. Dhana hiyo haina msingi katika historia. Waliozijenga mashine hizo walijua tangu mwanzo kuwa zimejaa kasoro, na sehemu kubwa ya ustadi wao waliitumia katika kuzizuia zisidanganye. Siku hizi kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa mkono kwa upana hubeba transista mabilioni, na juu yake huwekwa prosesa makumi au mamia zikifanya kazi kwa pamoja. Kutaka kila moja katika hizo iwe kamilifu ni kutaka jambo lisilopatikana kwa bei yoyote. Kwa hiyo mafundi walilazimika kujifunza ufundi mwingine: kuunda kitu kizima kinachotegemeka kwa sehemu zisizotegemeka. Makusudi ya insha hii ni kufuata historia ya ufundi huo, na hasa swali moja lililousumbua tangu ulipozaliwa. Ikiwa sehemu moja ya mashine inakosea, na sehemu nyingine imewekwa kuihukumu, ni nani atakayemhukumu mwamuzi?

Yafaa kwanza kupambanua maneno matatu, kwa sababu mafundi wenyewe waliteseka miaka mingi kwa kuyachanganya. Kasoro ni upungufu katika kitu chenyewe, kama waya uliokatika ndani ya redio isiyowashwa. Kosa ni matokeo ya kasoro inapoguswa: tarakimu iliyopaswa kuwa moja ikatoka sifuri. Anguko ni kushindwa kwa kazi yote mbele ya macho ya aliyeitegemea. Algirdas Avižienis, mzaliwa wa Lithuania aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyelipa jambo hili jina lake mwaka wa 1967, aliposema juu ya mashine inayostahimili kasoro. Yaani ile ambayo kasoro zake haziachwi zikue mpaka kuwa anguko. Msomaji ataona kuwa Kiswahili kina maneno hayo matatu tangu zamani, na kila moja lina mahali pake.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko umeme wa viwandani. Mwaka wa 1834 Dionysius Lardner alichapa makala ndefu katika jarida la Edinburgh Review juu ya mashine ya Charles Babbage. Wakati huo neno la Kiingereza ambalo leo ni jina la kompyuta lilikuwa jina la mtu: karani aliyeketi na kalamu yake akitengeneza majedwali ya mabaharia na wanafalaki. Lardner alieleza kuwa njia ya yakini ya kuvumbua makosa ni kuwapa makarani mbalimbali hesabu ile ile, kila mmoja peke yake. Na uhakika huzidi iwapo kila mmoja atafuata njia yake tofauti. Sharti hilo la mwisho lilisahauliwa upesi, na kusahauliwa kwake kulikuja kuwa na gharama.

Mashine ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa watu huko Philadelphia mnamo Februari 1946, ilikuwa na vali zaidi ya 17,000, za aina iliyokuwa ikitumika katika redio. Kila mwenye redio ya vali alijua kuwa vali huungua. Wataalamu wengi walikwisha tabiri kuwa mashine yenye vali nyingi kiasi hicho haitamaliza kazi hata moja. J. Presper Eckert na wenzake waliziendesha kwa nguvu ndogo kuliko ile zilizoundwa kuistahimili, wakaepuka kuizima mashine, kwa kuwa vali huungua zaidi zinapowashwa upya. Hata hivyo, muda mrefu kuliko wote ambao ENIAC ilifanya kazi bila kuharibika, katika mwaka wa 1954, ulikuwa saa 116. Hiyo ilikuwa njia ya kumpembeleza mgonjwa asife. Haikuwa bado njia ya kuishi na ugonjwa.

Hatua ya pili ilitokana na hasira ya mtu mmoja. Richard Hamming, mwanahisabati wa Bell Laboratories, alipewa nafasi ya kutumia mashine ya kampuni siku za mwisho wa juma tu, wakati ambapo hapakuwa na mhudumu. Mashine hiyo ilikuwa na uwezo wa kutambua kuwa imekosea, lakini ikitambua hivyo iliiacha kazi iliyo mkononi na kuanza nyingine. Juma la kwanza Hamming alirudi akakuta kazi yake imetupwa. Juma la pili vile vile. Akajiuliza: ikiwa mashine yajua kuwa imekosea, kwa nini isijue imekosea wapi, ikajisahihisha? Jibu lake alilolichapa mwaka wa 1950 ni la uzuri wa pekee. Kwa kila tarakimu nne za habari aliongeza tarakimu tatu za ukaguzi, zilizopangwa hivi kwamba majibu ya kaguzi tatu, yakisomwa pamoja, hutaja nafasi ya tarakimu iliyoharibika. Na nafasi hizo ni saba, wala si nne, maana tarakimu za ukaguzi nazo zimo katika hesabu. Mkaguzi anakaguliwa pamoja na anayekaguliwa. Lakini kanuni hiyo hulinda habari inapohifadhiwa au inapopelekwa. Haiwezi kwa nguvu zake kulinda habari inapogeuzwa, yaani pale mashine inapofanya kazi yake hasa ya kuhesabu.

Hapo ndipo alipoingia John von Neumann. Mtu huyu aliyezaliwa Budapest mwaka wa 1903 alikuwa na akili iliyowatisha hata wenye akili. Mnamo Januari 1952 alitoa mihadhara mitano katika Taasisi ya Teknolojia ya California, juu ya namna ya kujenga viumbe vinavyotegemeka kwa viungo visivyotegemeka. Neno viumbe si langu. Alilichagua mwenyewe kwa makusudi, kwa kuwa mfano uliokuwa mbele ya macho yake ulikuwa ubongo. Chembe za ubongo hukosea, huchoka na hufa, na mwenye ubongo haanguki. Von Neumann aliona kuwa wahandisi walilichukulia kosa kama ajali ya aibu inayopaswa kuondolewa. Yeye alitaka litazamwe kama joto linavyotazamwa katika elimu ya nguvu, jambo lililomo daima, lenye kipimo chake na hesabu yake.

Njia yake ya kwanza ni ile ambayo mtoto yeyote angeibuni: fanya kazi ile ile mahali patatu, kisha upige kura. Lakini von Neumann hakuridhika, kwa sababu kiungo kinachohesabu kura nacho kimeundwa kwa vitu vile vile vyenye kasoro. Ukikijenga juu yake kiungo kingine cha kukihakiki, hicho nacho chataka mhakiki, na ngazi haina mwisho. Basi aliithibitisha mipaka ya jambo lenyewe. Kiungo cha kura tatu kikikosea zaidi ya mara moja katika kila sita, wingi hausaidii kitu. Ukirudia kura mara elfu, jibu la mwisho litakuwa sawa na kurusha sarafu. Kikikosea chini ya hapo, usalama unaweza kununuliwa, ila bei yake ni kubwa.

Ili kuepuka mwamuzi mmoja wa mwisho, alipendekeza jambo la ajabu zaidi. Kila waya ndani ya mashine ubadilishwe na uwe fungu la nyaya nyingi zinazobeba habari ile ile, na kila kiungo kiwe jamii ya viungo. Jibu halitolewi na yeyote. Jibu ni hali ya fungu zima. Nyaya nyingi zikisema ndiyo, basi ni ndiyo. Kila baada ya hatua fungu hupitishwa katika viungo vya kurudisha, ambavyo huzichanganya nyaya ovyo na kuzipigisha kura tatu tatu, ili waliopotoka wavutwe na waliosimama. Mwamuzi ametoweka kwa kutawanywa kila mahali. Akatoa na hesabu ya mfano: mashine ya vali 2,500, kila kiungo kikikosea mara moja katika kila mara 200, na mtu akitaka ifanye kazi saa 8 bila kosa, kila fungu lingehitaji nyaya zipatazo 14,000. Mihadhara ilichapwa mwaka wa 1956, na mwaka uliofuata von Neumann akafariki. Hapakuwa na mtu aliyeweza kujenga mashine kama hiyo kwa vali, wala hapakuwa na aliyejaribu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu makala hayo yalisifiwa zaidi kuliko yalivyosomwa, mpaka transista zilipokuwa rahisi kuliko chembe za mchanga.

Wakati von Neumann akihesabu kwa kalamu, mtu mwingine alikuwa akijenga kwa mikono, na alifanya hivyo kwa shida. Antonín Svoboda wa Prague alikuwa Marekani wakati wa vita akafanya kazi katika maabara ya rada ya MIT. Mwaka wa 1946 alirejea kwao Chekoslovakia. Huko alianza kujenga kompyuta ya kwanza ya nchi yake, iliyoitwa SAPO. Vitu vizuri vya ng'ambo havikupatikana, na vilivyopatikana vilikuwa dhaifu: swichi za sumaku zipatazo 7,000 na vali kiasi cha 400. Svoboda alijua kuwa kwa viungo vile mashine ya kawaida isingefika jioni. Kwa hiyo SAPO iliyoanza kazi mwaka wa 1957 ilikuwa na vitengo vitatu vya hesabu vikifanya kila tendo kwa wakati mmoja. Vitengo viwili vikiafikiana, jibu lilipita; vyote vitatu vikihitilafiana, tendo lilirudiwa. Ni jambo la kutafakari kwamba mashine iliyokuwa miongoni mwa za kwanza duniani kustahimili kasoro haikuzaliwa katika nchi tajiri wa viungo.

Mwisho wa SAPO ulikuwa mwaka wa 1960. Cheche za swichi ziliwasha mafuta yaliyotumiwa kuzilainisha, na mashine ikateketea. Vitengo vitatu viliungua pamoja, na moto haukuomba kura. Hapa twakumbuka sharti la Lardner. Kura hufaa pale wapigaji wasipokosea kwa sababu moja. Wakikaa chumba kimoja, moto ni wao wote, na wakiwa wa usanifu mmoja, ujinga ni wao wote. Mwaka wa 1994 iligunduliwa kuwa prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea katika kugawanya baadhi ya hesabu, kwa kuwa jedwali lililomo ndani yake lilikosa tarakimu chache. Prosesa tatu za namna hiyo zingepiga kura kwa umoja kamili, na jibu lao lingekuwa la uongo.

Safari za anga zilileta fedha, na fedha zikaleta majaribio. Lyons na Vanderkulk wa kampuni ya IBM walichapa mwaka wa 1962 hesabu za mashine iliyogawanywa sehemu, kila sehemu ikiwa na nakala tatu, na wapiga kura nao wakiwa watatu. Kompyuta iliyoliongoza roketi la Saturn V, lililowapeleka watu mwezini mwaka wa 1969, ilijengwa kwa njia hiyo ikiwa na sehemu saba za nakala tatu tatu. Avižienis alikwenda mbali zaidi huko Pasadena kwa mashine ya STAR, iliyokusudiwa kwa vyombo vya kusafiri miaka mingi kuelekea sayari za mbali, pasipo fundi wala spea. Ndani yake sehemu za akiba zilikaa zimezimwa zikingoja zamu, na kiungo maalumu cha upimaji na matengenezo kiliamua lini ya zamani izimwe na mpya iwashwe. Kiungo hicho ndicho kilichokuwa hakimu, na kwa hiyo nakala zake tatu zilifanya kazi kwa pamoja, na nyingine zilikaa akiba. STAR haikuruka hata siku moja. Lakini katika mashine hiyo twaona kwa mara ya kwanza waziwazi tabia mpya: kujipima, kujikata kiungo kibovu, na kujiunga upya.

Hadi hapo kasoro ilifikiriwa kama jambo linalotokea baadaye, mashine inapozeeka. Silikoni ilileta kasoro za kuzaliwa. Chipu huchongwa nyingi kwa pamoja juu ya kisahani cha silikoni, kisha kisahani hukatwa vipande. Punje ya vumbi isiyoonekana ikitua juu yake huua kipande kimoja, na kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo inavyozidi kuwa hakika kwamba punje moja itakipata. Desturi ya viwanda ilikuwa kupima kila kipande, kuuza kizuri na kutupa kibovu. Gene Amdahl, aliyekuwa msanifu mkuu wa mashine za System/360 za IBM, alijaribu kuivunja desturi hiyo. Mwaka wa 1980 alianzisha kampuni ya Trilogy, akakusanya zaidi ya dola milioni 200, ili atengeneze chipu moja yenye upande wa sentimita 6 hivi, ambamo kila kitu kilikuwa na nakala tatu. Mwaka wa 1984 aliiacha kazi hiyo. Mengi yalimwangusha, pamoja na matabaka ya chipu yaliyobanduka. Lakini yadhihirika pia kuwa kurudufisha kila kitu mara tatu ni njia ghali mno ya kupigana na punje ya vumbi.

Njia nafuu ilionekana katika maabara ya Hewlett-Packard huko California. Mwaka wa 1998 James Heath, Philip Kuekes, Gregory Snider na Stanley Williams walieleza katika jarida la Science habari za mashine iliyoitwa Teramac. Ilikuwa na chipu 864, na karibu robo tatu za chipu hizo zilikuwa na ubovu wa namna fulani. Jumla ya kasoro zake ilikuwa kiasi cha 220,000, na yoyote katika hizo ingeweza kuiua kompyuta ya kawaida. Pamoja na hayo, kwa kazi fulani Teramac ilikuwa na kasi mara 100 kuliko kompyuta bora ya prosesa moja ya wakati wake. Siri yake haikuwa kura. Waundaji waliijaza nyaya nyingi kuliko zilivyohitajiwa, hata kutoka mahali popote kwenda popote kulikuwa na njia nyingi. Kisha mashine ilipimwa, kasoro zikaandikwa katika daftari moja, na kila programu ikapangiwa njia zinazozikwepa. Nahodha hauondoi mwamba baharini. Huuandika katika ramani, akapita kando. Ila tuulize: ramani aliichora nani? Aliichora kompyuta nyingine, ya kawaida, iliyounganishwa pembeni na kuaminiwa kuwa nzima. Hakimu alitolewa nje ya mji, lakini alikuwapo.

Hekima ya Teramac iliingia sokoni kimyakimya. Mchezo wa PlayStation 3 ulipotoka mwaka wa 2006, chipu yake ilikuwa na prosesa ndogo nane, na saba tu ndizo zilizotumika, ili chipu yenye moja mbovu isitupwe. Wachezaji wengi hawakujua habari hiyo wala hawakuhitaji kujua. Ndoto ya Amdahl nayo ilifufuka mwaka wa 2019, kampuni ya Cerebras ilipoonyesha chipu moja yenye eneo la milimita za mraba 46,225, karibu kisahani kizima, na juu yake viini vya kuhesabia 400,000. Kilichobadilika tangu siku za Trilogy ni ukubwa wa kitu kinachopotea. Kiini kikiwa kidogo sana, punje ya vumbi humega kitu kidogo sana. Viini vya akiba vichache na nyaya za kuzunguka vyatosha kuziba pengo, na programu huona uwanja usio na shimo.

Lakini aliyemkaribia von Neumann kuliko wote ni Steve Furber wa Chuo Kikuu cha Manchester, na haishangazi, kwa kuwa naye alikuwa akiutazama ubongo. Mashine yake ya SpiNNaker imejengwa kwa chipu 57,600, kila moja ikiwa na prosesa 18. Mwaka wa 2018 prosesa zaidi ya milioni ziliwashwa pamoja. Katika kila chipu prosesa moja ndiyo msimamizi, lakini haikuteuliwa kiwandani. Chipu inapowashwa, kila prosesa hujipima. Zile zilizofaulu hushindana kuifikia alama moja, na ya kwanza kufika hupata usimamizi. Kumi na sita hufanya kazi, na moja hubaki akiba. Chipu ikishindwa kuamka, majirani zake sita wanaweza kuichunguza kupitia nyaya zinazowaunganisha, na hata kuichagulia msimamizi mwingine. Njia ya ujumbe ikizibwa, ujumbe huzungukia kwa jirani. Na ukikawia kupita kiasi huachwa upotee, kama ubongo unavyoacha mapigo mengi yapotee. Mkali wa kuchungua atasema kuwa alama ile inayoshindaniwa nayo ni kitu, na kitu huweza kuwa na kasoro. Ni kweli. Swali la mwaka wa 1952 bado limo ndani ya chipu, ila limebanwa likawa dogo sana.

Wengi walidhani kuwa limekwisha. Kisha mwaka wa 2021 zilichapwa taarifa mbili kutoka kwa makampuni yenye mashine nyingi kuliko yote. Wahandisi wa Facebook walisimulia jinsi faili zilivyokuwa zikipotea bila onyo lolote, wakafuatilia mpaka wakafika kwenye kiini kimoja katika prosesa moja. Kiini hicho kilifanya hesabu nyingi sawasawa, lakini kilipoombwa namba nzima ya 1.1 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 53, kilitoa sifuri badala ya 156. Wale wa Google waliandika kuwa katika kila maelfu kadhaa ya mashine wanakuta viini vichache vya namna hiyo, vilivyopita vipimo vya kiwandani, visivyolia wala kuanguka, vinavyosema uongo mara chache na kwa utulivu. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kikikosea katika kufumba maandishi ya siri. Kilipopewa maandishi yale yale kuyafumbua, kilikosea kwa namna ile ile kinyume, na maandishi yakarudi salama. Kikijihukumu chenyewe, hakikuwa na hatia. Maandishi yalipopelekwa kwa kiini kingine yafumbuliwe, yalitoka takataka.

Hapo mafundi walirudi kwa njia ambayo Lardner angeitambua: kumwuliza mwingine. Viini hupelelezwa, hushitakiwa na watu walioona mambo yasiyo ya kawaida, hutengwa, kisha hupewa vipimo vikali mpaka vikiri. Kwa taarifa ya Google, karibu nusu ya viini vilivyoshitakiwa na watu huthibitika kuwa na hatia. Nusu iliyobaki ni mchanganyiko wa waliosingiziwa na wale ambao kosa lao, likitafutwa tena, halionekani.